Kugawa Meza, Mabela

Meza ishirini na nne, tumeazimwa na shule,
na waombaji thelathini na mmoja.
Kalamu nimepewa mimi,
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na sina undugu na kila mtu,
nina undugu na nusu yao tu.

Kugawa meza si hesabu.
Ghaniya na wifi yake hawasemezani tangu harusi ile ya Barka;
wote wawili husuka ukili, wote wawili wanataka kivuli.
Bwana Nasib wa vyetezo vya udongo
huchoma udi kutwa kuita wateja,
na moshi ukipinda unaingia kwenye vitambaa vya Salhiya,
naye Salhiya ana ulimi.
Mfua fedha wa Nizwa ametuma ujumbe wa sauti, dakika sita,
nne kati yake salamu.

Bi Raiyya alitoa sharti moja:
kazi ya mkono, ya hapa hapa.
Akanifundisha kukagua kofia.
"Usiitazame usoni. Usoni kila kofia imekwenda harusini.
Igeuze.
Ya mashine, ndani ni kama nje, haina siri.
Ya mkono ina fundo, ina uzi uliorudi nyuma,
ina mahali mtu aliitwa jikoni
akasahau alipofikia."

Ijumaa nikageuza kofia mia na kumi
juu ya zulia la sebuleni, miguu ikafa ganzi.
Sitini na tatu za kiwandani.
Aliyezileta aliapa kwa mamake.
Nikamwandikia: samahani, la.

Kisha ukaja mfuko wa nailoni wa duka la samaki,
ndani yake kofia tano.
Nikageuza ya kwanza, nikanyamaza.
Viua vidogo kama punje za ufuta,
kila tundu limezungushiwa uzi mara saba,
na kwa ndani mafundo yamelala safu moja
kama watoto waliofunikwa shuka.
Jina kwenye karatasi: Monowara.
Anapofanya kazi: nyumba ya tatu toka msikitini.
Alikotoka: Noakhali.

"Si wa hapa," akasema Bi Raiyya, bila ubaya,
kama mtu anayesoma tarehe kwenye kopo la maziwa.

Bibi yangu alishuka uwanja wa ndege mwaka sabini na tatu
na sindano ameichomeka kwenye ukosi.
Alishona kofia za mtaa mzima.
Kofia zake zilikuwa za Kiomani
siku ile ile zilipokauka wanga.
Yeye alisubiri miaka ishirini.

Sikuyasema hayo. Nilisema,
"Meza ya kumi na saba iko tupu."
Haikuwa tupu. Nilikuwa nimejiwekea mimi,
kwa ajili ya mito niliyoidarizi kiangazi kizima,
mito ambayo ukiigeuza
hata mimi nisingeipitisha.

Bi Raiyya akanitazama, akatazama kofia,
akaipitisha kidole gumba ndani, mzunguko mzima.
"Andika kwa penseli," akasema.

Alhamisi upepo ulifuta chaki zote uwanjani,
kwa hiyo nambari nilizochora alasiri
hazikumsaidia mtu. Watu walikaa walipopenda.
Ghaniya na wifi yake wakajikuta bega kwa bega,
wakauziana chenji bila kutazamana.

Monowara alikuja baada ya Magharibi,
mtoto wa tajiri wake kiunoni;
ameruhusiwa mpaka saa tatu.
Mzee mmoja akavaa kofia, akajiangalia kwenye simu,
akauliza nani kaishona.
Monowara akanyoosha mkono juu, kama darasani.
Mzee akacheka, akataja bei yake, nusu ya iliyoandikwa.

Monowara hakujibu.
Aliichukua kofia kichwani pa mzee, taratibu,
akaigeuza,
akaiweka mezani mbele yake.

Nilitaka kusubiri nione atalipa ngapi,
lakini Salhiya alikuwa ananiita kwa jina langu kamili,
moshi, moshi,
na Bwana Nasib anaongeza udi.